Baba watoto akiumia kazini: mambo ya kujua kwa familia za Kilwa na pwani ya Lindi

Nyumba nyingi za pwani ya Lindi, kuanzia Somanga na Kilwa Kivinje hadi Mchinga na Lindi mjini, zinaishi kwa kazi za nguvu: uvuvi, kukwea minazi, kuvuna chumvi, kulima mwani, kuponda kokoto, kubeba mizigo, kuchimba jasi. Ni kazi halali na zenye heshima, zinazosomesha watoto na kuweka ugali mezani. Zinaumiza pia. Mtu akiumia vibaya, mzigo wa kwanza unamwangukia mama, mke, bibi au dada aliye nyumbani.

Ukurasa huu umeandikwa kwa ajili yako wewe. Unaeleza kwa nini kazi hizi zinaumiza kiasi hiki, nini cha kufanya katika saa ya kwanza, namna ya kumtunza mgonjwa akirudi nyumbani, na nani anapaswa kulipa.

Kwa nini tunazungumzia jambo hili sasa

Mwezi Septemba 2023 Rais Samia Suluhu Hassan aliweka jiwe la msingi la bandari ya uvuvi Kilwa Masoko. Mradi huo umepangwa kuwa na gati la meli za uvuvi, sehemu za kuhifadhi samaki kwa ubaridi na uzalishaji wa barafu. Kwa vijana wa Kilwa hii ni habari njema, kwa kuwa kuna kazi za ujenzi, za kupakia na kupakua, za viwandani na za melini.

Kazi mpya huja na hatari mpya. Kijana aliyezoea ngalawa na jarife anajikuta karibu na winchi, kreni, saruji, umeme na vyumba vya ubaridi. Hatari za zamani nazo hazijaondoka, kwani mkwezi bado anakwea mnazi bila kamba ya kumshika na baharia bado anatoka usiku bila jaketi okozi.

Shirika la Kazi Duniani, ILO, lilikadiria mwaka 2023 kwamba karibu watu milioni 2.93 duniani hufariki kila mwaka kwa sababu zinazotokana na kazi, na wengine milioni 395 huumia bila kufa. Wengi wa majeruhi hao ni watu wenye mtoto, mama au mwenza anayewategemea.

Swali kwa familia zetu ni hili: kazi zinakuja, je, ulinzi nao unakuja?

Si kudra peke yake

Mtu akianguka mnazi tunasema ni kudra. Kumtegemea Mungu ni jambo jema, lakini ukitazama ajali moja moja utaona mambo matatu yanayojirudia, na yote matatu yanaweza kubadilishwa.

*La kwanza ni vifaa.* Mkwezi hulipwa kwa idadi ya minazi aliyokwea au hupewa sehemu ya nazi. Akikwea mingi zaidi anapata zaidi, kwa hiyo anaharakisha, hata asubuhi ambayo shina limelowa mvua. Mponda kokoto hana miwani. Mvuna chumvi anasimama juani siku nzima, ngozi ya miguu ikipasuka kwa maji ya chumvi kwa kukosa gambuti.

*La pili ni umbali.* Kutoka Kilwa Masoko hadi hospitali ya Kinyonga iliyopo Kilwa Kivinje ni kama kilomita 30. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Sokoine ipo Lindi mjini. Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini ipo Mtwara, na taasisi ya mifupa MOI ipo Muhimbili, Dar es Salaam, kama kilomita 300 kutoka Kilwa. Aliyeumia Songo Songo anaanza kwa kuvuka bahari. Mwezi Mei 2024, mvua za kipindi cha Kimbunga Hidaya zilikata barabara ya Dar es Salaam hadi Lindi eneo la Somanga, na tukaona wote jinsi ilivyo kazi kufika hospitali kubwa barabara hiyo moja ikifungwa.

*La tatu ni kutokuwa na mwajiri anayejulikana.* Katika mashua nyingi mapato hugawanywa: mafuta yanatolewa kwanza, mwenye chombo anachukua sehemu yake, kisha nahodha na mabaharia. Baharia akikatika kidole, tajiri wa chombo atasema, "Huyu si mfanyakazi wangu, tunagawana tu." Mkwezi naye anahama kutoka shamba moja hadi jingine, hana wa kumdai.

Hili la tatu ndilo linaloumiza familia kwa muda mrefu zaidi, na tutalirudia.

Saa ya kwanza: fanya hivi

*Akianguka kutoka juu (mnazi, mkorosho, jukwaa la ujenzi)*

Kinachoogopwa zaidi ni uti wa mgongo. Mfupa wa mgongo unaweza kuwa umevunjika huku mishipa ya fahamu bado ni mizima. Kumwinua vibaya kunaweza kuikata mishipa hiyo, na mtu ambaye angetembea akapooza.

- Usimkalishe wala kumsimamisha "aone kama anaweza". Usimvute kwa mikono na miguu.
- Mtu mmoja akishike kichwa kwa mikono miwili kisigeuke huku wala huku.
- Muulize kama anahisi unapomgusa vidole vya miguu, na kama anaweza kuvichezesha. Kumbuka jibu, daktari atakuuliza.
- Tafuteni ubao mpana au mlango. Watu wanne au zaidi wamgeuze kwa pamoja kama gogo, kichwa, mgongo na miguu vikienda sawa, kisha mumlaze juu yake. Mfungeni kwa kanga asiteleze.
- Usimpakie kwenye bodaboda katikati ya watu wawili. Mshikaki unaukunja mgongo katika kila shimo la barabara. Ni afadhali kusubiri gari, hata kama ni la mizigo, alale kwenye ubao wake.

*Akivuja damu nyingi*

- Bonyeza kidonda kwa kitambaa safi, kwa nguvu, dakika 10 bila kufunua. Damu ikipenya, ongeza kitambaa juu, usitoe cha chini.
- Kama kuna kitu kimechoma ndani, mfano chuma au mwiba mkubwa, usikichomoe. Bonyeza pembeni yake.
- Kama kiungo kimekatika na damu inaruka bila kusimama, funga kitambaa kipana juu ya kidonda, kama upana wa vidole vinne kutoka hapo na si juu ya goti wala kiwiko, kaza kwa kijiti mpaka damu isimame. Andika saa uliyofunga na usikilegeze mpaka hospitali.
- Usipake majivu, kahawa, mafuta ya taa wala dawa ya meno. Ulizeni hospitali kuhusu chanjo ya pepopunda, hata kidonda kikiwa kidogo.

*Jicho*

Kipande cha jiwe au chuma kikiingia jichoni, usisugue wala usijaribu kukitoa. Funika kwa kitu kisichogandamiza, kwa mfano kikombe kidogo kilicho safi, mpelekeni siku hiyo hiyo. Kama ni saruji, chokaa au dawa ya mikorosho, osha jicho papo hapo kwa maji safi mengi yanayotiririka, dakika 15 hadi 20, ndipo muondoke. Jicho linaendelea kuungua njiani kama halikuoshwa.

*Jua na kazi nzito*

Anayefanya kazi juani akianza kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na misuli kukaza, mtoeni juani, apumzike na anywe maji kidogo kidogo. Akichanganyikiwa, akiongea maneno yasiyoeleweka au akianguka huku mwili unachoma kama moto, hiyo ni dharura. Mvueni nguo nzito, mloweshe maji mwili mzima, mpepee na mumpeleke. Asiye na fahamu asinyweshwe chochote.

Angalia pia mkojo. Mtu aliyefanya kazi nzito kupita kiasi, kisha akakojoa mkojo mweusi kama chai ya rangi au soda, misuli yake imeumia na figo zipo hatarini. Asiambiwe alale tu mpaka kesho, aende hospitali.

Ngiri si busha

Pwani yetu ina ugonjwa wa matende na mabusha, kwa hiyo mwanamume akivimba sehemu za siri wengi husema ni busha, nao hukaa nalo kwa aibu. Lakini anayebeba magunia, anayevuta nyavu au kusukuma mashua anaweza kuwa na ngiri. Hapo ni utumbo unaopita mahali penye udhaifu kwenye ukuta wa tumbo na kutokeza kinenani.

Kwa kawaida ngiri hutoka anaponyanyua au kukohoa na kurudi akilala. Siku itakapokataa kurudi, ikawa ngumu, ikauma sana, akatapika au tumbo likajaa na choo kikakata, utumbo umebanwa. Unaweza kuoza ndani ya saa chache. Ni upasuaji wa haraka, si wa kusubiri mwisho wa bamvua.

Ngiri ambayo haijabanwa hutibiwa kwa upasuaji wa kupanga. Mshawishi aende mapema. Mwanamume anayeona aibu kumwambia muuguzi huwa amekwisha kumwambia mkewe, na hapo ndipo neno lako lina uzito.

Anayeficha jeraha

Kuna jeraha moja ambalo familia hulificha. Uvuvi wa mabomu umepungua sana ukilinganisha na miaka ya katikati ya 2010, lakini makovu yake yapo. Kuna watu pwani waliopoteza viganja, macho na wengine maisha kwa bomu lililolipuka kabla ya kurushwa. Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003 inaukataza uvuvi huo. Kwa hofu ya polisi na fomu ya PF3, majeruhi wengine hufungwa vitambaa ndani na kusubiri giza.

Mama, ukijikuta katika hali hiyo, kumbuka kwamba mkono uliopasuka hausubiri. Damu, pepopunda na kuoza kwa kidonda huua. Kazi ya mganga ni kuokoa maisha kwanza, na karatasi hufuata. Mpeleke, kisha mengine yajibiwe akiwa hai.

Kabla ya kufika huko, zungumza na kijana wako. Bomu analipewa na mtu mwingine anayebaki ufukweni na vidole vyake vyote kumi.

Mifupa: mtaalamu wa kienyeji au hospitali?

Wengi tunaanza kwa fundi wa kuunga mifupa kwa sababu yuko karibu, ni wa kwetu na hadai fedha nyingi. Tatizo kubwa ni kufunga kwa kukaza mno. Mguu ukivimba ndani ya vijiti vilivyokazwa, damu haifiki chini, nyama inakufa, na mfupa ambao ungeunga unaishia kwa kukatwa mguu.

Ukiona vidole vimekuwa vya baridi, vimepauka au kuwa vyeusi, vina ganzi, au maumivu yanazidi badala ya kupungua, fungua vijiti hivyo mara moja na uende hospitali, hata kama fundi hajarudi. Mfupa uliotoboa ngozi usiguswe nyumbani kabisa. Mgongo usikandwe wala kuchuliwa.

Akirudi nyumbani akiwa amelala

Aliyepooza miguu anaweza kuishi miaka mingi. Kinachowaua wengi si mgongo, ni vidonda vya kulala na maambukizi ya mkojo. Vyote viwili vinazuilika kwa mikono yako.

- Mgeuze kila baada ya saa 2, mchana na usiku. Gawaneni zamu, usibebe usiku wote peke yako.
- Kila siku angalia makalio, nyonga, visigino na mgongo. Ngozi iliyobadilika rangi na hairudi ni mwanzo wa kidonda. Asilalie upande huo.
- Shuka iwe kavu na isiyo na mikunjo.
- Kama ana mpira wa mkojo, nawa mikono kwa sabuni kabla ya kuugusa, mfuko ukae chini ya usawa wa kibofu, naye anywe maji ya kutosha. Homa, mkojo unaonuka vibaya au wenye usaha ni sababu ya kurudi kituoni.
- Mnyooshe viungo kila siku kama mlivyoonyeshwa hospitali.

Nawe ulinde mgongo wako. Kunja magoti, msogeze karibu na kifua, muinueni wawili. Mlezi aliyeumia mgongo ni mgonjwa wa pili nyumbani.

Msikilize pia. Mwanamume aliyekuwa analeta chakula na sasa anaogeshwa anaweza kukata tamaa kimyakimya. Akisema afadhali afe, usimkemee wala usipuuze. Kaa naye, asiachwe peke yake, na umwambie mhudumu wa afya.

Nani analipa?

Tanzania ina Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Umeundwa kwa sheria ya mwaka 2008 na ulianza kazi Julai 2015. Anayechangia ni mwajiri, na mfanyakazi hakatwi hata shilingi. Mfanyakazi akiumia, akiugua au kufa kwa sababu ya kazi, mfuko unahusika na:

- gharama za matibabu;
- asilimia 70 ya mshahara wakati hawezi kufanya kazi kwa muda, kwa kipindi kisichozidi miezi 24;
- malipo ya mkupuo kama ulemavu wa kudumu ni asilimia 30 au chini yake, au pensheni ya kila mwezi ukizidi hapo;
- malipo kwa ajili ya mtu anayemhudumia mgonjwa asiyejiweza;
- mazishi, na pensheni kwa mjane na watoto.

Soma tena mstari wa nne. Kazi unayoifanya usiku wa manane ya kumgeuza na kumsafisha inatambuliwa na sheria. Usiache kuiulizia.

Mwajiri anatakiwa kutoa taarifa kwa mfuko ndani ya siku 7 baada ya kuarifiwa. Familia nayo isikae, maana ajali isiyoripotiwa ndani ya miezi 12 inaweza kupoteza haki. Tunzeni majina ya walioshuhudia, tarehe na saa, karatasi zote za hospitali, picha za mahali, na ushahidi wowote wa malipo, hata ujumbe wa simu wa kutumiwa ujira.

Je, kama hakuna mkataba wa maandishi? Usikate tamaa. Mkataba wa kazi unaweza kuwa wa mdomo. Kibarua wa ujenzi wa bandari, mlinzi wa shamba la chumvi na mpakuaji aliyeajiriwa kwa siku, wote waende kuuliza. Kama mwajiri hakujisajili, hilo ni kosa lake, si la mgonjwa. Hatari za mahali pa kazi ziripotiwe kwa Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, OSHA, unaosimamia sheria ya mwaka 2003.

Sasa turudi kwa baharia wa mgawo na mkwezi. Hapa ndipo ulinzi unapokatika, kwa kuwa mfumo umejengwa juu ya mwajiri na mshahara. Si lazima ibaki hivyo. Mkataba wa ILO Na. 188 wa mwaka 2007 kuhusu kazi za uvuvi unamtambua hata mvuvi anayelipwa kwa mgawo wa samaki, na majirani zetu Kenya waliuridhia mwaka 2022. Bandari kubwa ya uvuvi inapojengwa kwetu, ni halali kwa wananchi wa Kilwa kuwauliza diwani na mbunge wao: huyu mvuvi tunayemjengea bandari, akikatika mkono, ni mfanyakazi wa nani?

Wakati jibu halijapatikana, yapo ya kufanya. Bima ya afya ya familia ikatwe kabla ya ajali. NSSF hupokea michango ya waliojiajiri. Na kikundi cha VICOBA au BMU kinaweza kutenga sehemu ndogo ya kila mnada wa samaki kuwa akiba ya dharura ya gari na matibabu.

Mama mjamzito na watoto

Nawe pia ni mfanyakazi: kwenye mwani, kwenye pweza, kwenye kokoto. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamkataza mwajiri kumpa mjamzito au anayenyonyesha kazi inayohatarisha afya yake au ya mtoto. Ukijitegemea, jiwekee sheria hiyo mwenyewe: punguza uzito wa furushi la mwani, pumzika kivulini, kunywa maji. Ukitokwa damu, maji yakivuja, ukiumwa kichwa sana au mtoto akiacha kucheza, acha kazi. Piga 115 bila malipo upate usafiri wa m-mama, huduma iliyowekwa kwa wajawazito, waliojifungua karibuni na watoto wachanga.

Kuhusu watoto, Sheria ya Mtoto ya 2009 inataja wazi kazi hatarishi ambazo aliye chini ya miaka 18 hatakiwi kuzifanya. Miongoni mwake ni kwenda baharini kuvua, kuchimba madini na mawe, na kubeba mizigo mizito. Tunajua mtoto wa pwani hujifunza bahari kwa baba yake. Kujifunza kuogelea, kushona nyavu na kusoma upepo ni jambo zuri. Kulala chomboni usiku akivuta nyavu na watu wazima wakati wa kusi ni jambo jingine.

Leo jioni, kabla hawajatoka

Uliza maswali matano: Anakwenda wapi na nani? Anarudi lini? Ana jaketi okozi, au kamba, au miwani? Namba ya nani nipige akichelewa? Na gari la nani litatupeleka Kinyonga usiku?

Andika majibu kwenye karatasi na uibandike ukutani, mahali ambapo hata mtoto mkubwa ataiona.